Dozi ya Kontena

Kama hujawahi kukaa kijiwe cha Soli huna hasara kubwa, ila utakuwa hujawahi kuona watu wazima wakibishana asubuhi nzima kama samaki huwa analala, na mchana wakaja kununiana kwa sababu hiyo hiyo. Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha fundi viatu. Kitasa hakikung'olewa, kwa hiyo anayechelewa kufika ndiye anayekaa juu ya kitasa. Mkono wa kulia ni kwa Wembe kinyozi, ambaye kila akikosa kichwa cha kunyoa anatoka nje kutafuta kichwa cha kubishana nacho. Mkono wa kushoto ni Shangazi na birika lake la kahawa. Shangazi wa nani, hakuna ajuaye. Hata watu waliomzidi umri wanamwita hivyo. Katikati hukaa Muhuri, mstaafu aliyegonga mihuri ofisini mpaka bega moja likashuka, na tangu astaafu anagonga maneno. Na Soli mwenyewe hukaa mlangoni mwa kibanda, kiatu mapajani, misumari mdomoni, akisikiliza zaidi ya anavyosema.

Sheria ya hapo haikuandikwa popote lakini inauma: ukionekana una huruma, umekwisha. Muhuri aliwahi kudondosha chozi siku ya harusi ya binti yake, basi kwa miezi wakawa wakimwona wanauliza kama leo maji yanatoka au yamekatika. Ndiyo maana mtoto wa mbwa alipoletwa pale, kila mmoja alijitahidi kumtukana kuliko mwenzake.

Aliletwa na shemeji yake Soli, mlinzi wa jumba fulani ambalo wenyewe walihama. Ni wa zile aina kubwa, miguu kama ya meza, kichwa kama ndoo, na tumbo lililotangulia mbele ya heshima zake. Wembe akamtazama mara moja akamwita Kontena, na jina likaganda. Soli alisema hamtaki. Alisema atamweka siku mbili tatu tu. Akamtandikia gunia chini ya meza ya kazi, kati ya viatu vilivyosahauliwa na wateja, na kwa kuwa mtoto wa mwisho wa Soli alikuwa ameshaondoka kwenda kutafuta kazi mbali, kile kibanda ambacho kilikuwa kimya kikapata mtu wa kukoroma ndani yake. Soli alimpenda yule mbwa. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote, na mbele ya watu alimwita "huu mzigo".

Sasa, mtaa wa pili kulikuwa na msiba wa mbwa. Watoto wa mbwa walikuwa wanaharisha damu, jioni yu mzima, kesho yake hayupo. Daktari wa mifugo akatangaza kwamba atapita nyumba kwa nyumba kuchanja, na asubuhi hiyo zamu ilikuwa ya kwao. Na ni asubuhi hiyo hiyo Kontena alikataa kuamka. Soli alimwita, akafungua jicho moja, akalifumba. Uji hakuugusa. Tena alikuwa ametapika ndani ya kiatu cha mwalimu mmoja, kiatu kilichokwisha kushonwa na kupakwa rangi. Soli alikisafisha harakaharaka kabla wenzake hawajafika, kwa sababu alijua jambo moja: mnyama mgonjwa hachanjwi. Akikosa chanjo leo, na ule ugonjwa uko mtaa wa pili, basi.

– Mzigo wako leo umelala kama umelipiwa, alisema Wembe akichungulia chini ya meza.

– Amechoka, akasema Soli na misumari yake mdomoni.

– Amechoka na kazi gani? Mbwa huyu hajawahi hata kubweka. Juzi mwizi wa kuku kapita hapa, kamsindikiza mpaka kona.

– Ni minyoo, Muhuri akakata shauri. Akashusha kikombe chake cha kahawa taratibu. Tumbo lile si la chakula. Lile ni la wapangaji.

– Kila mtoto wa mbwa ana minyoo, akasema Shangazi. Anazaliwa nayo.

– Anazaliwaje nayo, Shangazi? Imeingilia wapi?

– Kwa mama yake. Kwani wewe hiyo kelele umeitoa wapi? Si kwa mama yako?

Wembe akapokea kicheko cha benchi zima, akangoja kipoe, kisha akaanza. Wembe akianza huwa anajifuta mikono kwenye aproni kama anayetaka kunyoa mtu.

– Nisikilizeni. Hapa kuna suala la ukubwa. Mbwa mdogo, minyoo midogo. Mbwa mkubwa kama huyu, minyoo yake ina misuli. Ukimpa dozi wanayompa kambwa ka mapajani, minyoo inaichukulia kama kahawa. Inakunywa, inasema asante, inaendelea na kazi.

– Dozi inapimwa kwa kilo, akasema Soli polepole. Ndivyo nilivyoambiwa dukani.

– Kilo za lini? Huyu anaongezeka ukiwa unamtazama! Wewe umempima asubuhi, jioni zile kilo zimepitwa na wakati.

Soli alikuwa amempima, kweli, kwenye mzani wa muuza nafaka, Kontena akiwa ndani ya gunia kichwa nje, watu wakiuliza bei. Akampa dawa ya maji kama alivyoelekezwa. Lakini jana, baada ya kumsikiliza Wembe na misuli ya minyoo yake siku nzima, alilitazama lile tumbo, akaliona kubwa vile vile. Akamwongezea nyingine. Hilo pia hakumwambia mtu.

– Mimi shida yangu si dozi, alisema Muhuri. Mimi natazama utaratibu. Kipi kinatangulia, chanjo au dawa ya minyoo? Pale ofisini karatasi ikiingia dirisha la pili kabla ya la kwanza, imekufa. Sasa chukulia chanjo inaingia mwilini. Inafika, inakuta minyoo imekaa viti vyote. Itakaa wapi?

– Itasimama, akasema Shangazi.

– Itasimama mpaka lini? Itachoka, itatoka. Ndiyo maana unasikia mbwa amechanjwa na bado amekufa. Chanjo ilikosa kiti.

– Na huyu alivyo mrefu, Wembe akadaka, hiyo sindano moja itafika wapi? Ukimpiga begani, dawa inaishia kiunoni. Mkiani haifiki! Huku nyuma anabaki hana ulinzi. Aina hii ni ya kupiga sindano mbili, moja mbele, moja nyuma, zikutane katikati.

– Zikutane zisalimiane.

– Cheka tu, Shangazi. Ila mnajua chanjo ina madhara? Kuna mteja wangu mbwa wake alichanjwa, kuanzia hapo hakubweka tena. Akawa anapiga chafya na kujilamba.

– Huyo alikuwa paka.

– Alikuwa mbwa!

– Wembe, yule mteja wako namjua. Ni paka.

Kwa kawaida hapo Soli angecheka mpaka misumari imdondoke. Safari hii aliinama akapeleka mkono chini ya meza, akagusa pua ya Kontena. Ilikuwa kavu. Mkono ukabaki pale kidogo, halafu akakumbuka wenzake wanatazama, akajifanya anatafuta gundi.

– Kuna kitu hamkifahamu kuhusu mbwa hawa, Muhuri aliendelea, sauti imeshuka kama anayetoa siri ya serikali. Asili yao ni nchi za baridi. Na minyoo yao ni ya baridi. Sasa ikija huku, joto hili, minyoo inapigwa na bumbuwazi. Inalala. Ikilala yote kwa pamoja, mbwa naye analala. Huyu haumwi. Analazwa.

– Kwa hiyo tumpepee?

– Ungempepea minyoo ingeamka, naye angeamka.

– Mimi nilivyosikia, akasema Shangazi, na yeye ambaye mpaka hapo alikuwa na akili kuliko wote akavuka mpaka, minyoo hutembea na mwezi. Mwezi ukijaa inapanda juu, inakaa hapa kwenye koo. Ndo mbwa anashindwa kula. Inabidi asubiriwe mwezi upungue ndipo apewe dawa, iikute chini inakokaa.

– Aaa! Hilo nalo nalikubali, akasema Wembe, ambaye hakubali kitu kwa bei rahisi. Hata nywele zinakua na mwezi.

Walikuwa wamefika kwenye kukadiria urefu wa minyoo ya Kontena ikiungwa moja baada ya nyingine, Muhuri akisema inafika sokoni na Wembe akisema inafika na kurudi, ndipo pikipiki iliposimama. Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke kijana, buti zina tope, boksi la barafu limefungwa nyuma ya kiti kwa mpira. Alivua kofia ngumu akawasalimu wote kwa adabu, mmoja mmoja.

– Nimeambiwa hapa kuna mtoto wa mbwa, wazee wangu. Yuko wapi?

– Huu hapa mzigo, akasema Soli. Alipiga magoti chini ya meza, akambeba Kontena kwa mikono miwili, miguu ikining'inia, akamweka juu ya benchi. Kontena alilala alivyowekwa.

– Masikini, mkubwa huyu! Anaendeleaje?

– Mzima kabisa, akasema Soli.

– Anakula?

– Anakula.

– Mbona amelegea?

– Tabia yake. Ni mpole.

Daktari akafungua boksi, akatoa kichupa, akakishika kwenye kiganja kukitoa baridi. Kwa mkono mwingine akawa anachana karatasi ya bomba la sindano. Soli alimtazama, na alichokuwa anakitaka tangu alfajiri kilikuwa pale, mbele yake, kinakaribia. Kilichobaki ni kukaa kimya tu. Chanjo ingeingia, daktari angewasha pikipiki, mchezo umekwisha.

– Dawa ya minyoo alipewa lini mara ya mwisho? daktari akauliza, kwa namna mtu anavyouliza saa.

Wembe akatazama viatu vyake. Muhuri akanywa kahawa kutoka kikombe kisicho na kitu. Shangazi akaanza kusugua birika ambalo halikuwa na doa.

Soli alitaka kusema "wiki jana", na ingekuwa nusu kweli. Akaona ubavu wa Kontena unapanda na kushuka, harakaharaka, chini ya ngozi ile kubwa ambayo ilikuwa inangojea mbwa wa kuijaza. Akashikwa na hofu, hofu ya kweli, si ile ya kuchekwa.

– Ngoja, daktari. Usimchome. Akatema misumari kiganjani. Nimekudanganya. Asubuhi ametapika na hajala kitu. Na dawa nilimpa wiki jana, halafu jana nikamwongezea nyingine. Niliona tumbo bado.

Daktari akakirudisha kichupa kwenye barafu.

– Jana saa ngapi? Aliyeuliza hakuwa daktari. Alikuwa Wembe, na uso wake umebadilika.

– Jioni, nilipofunga. Kwa nini?

– Hamna. Wembe akajifuta mikono kwenye aproni, akajifuta tena. Basi tu... mimi jana mchana ulipokwenda kununua ngozi, nilimpa vidonge. Vya kutafuna, vile vya watoto. Vina ladha ya chungwa. Nikasema huyu fundi kwa ubahili wake atakuwa amempa dozi ya paka.

– Ulimpa mbwa wangu dawa ya watoto?

– Si ulisema si wako? Ulisema ni mzigo!

– Jamani, akasema Shangazi kwa sauti ndogo ambayo hawakujua kama anayo. Mimi namtilia mbegu za papai. Nazisaga, nachanganya kwenye uji. Kila asubuhi, mkigeuka tu.

– Tangu lini?

– Tangu aletwe.

Wakageuka wote kumtazama Muhuri. Muhuri alikuwa amekaa wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

– Msinitazame hivyo. Mimi nina mbuzi nyumbani, mnajua. Kulikuwa na dawa imebaki. Kifuniko kimoja tu. Jana jioni.

– Dawa gani, mzee? daktari akauliza, na kwa mara ya kwanza upole wote ulitoka kwenye sauti yake. Soli alimwona akichuchumaa kabla hata hajajibiwa.

Muhuri akaitaja. Daktari akainua mdomo wa Kontena, akabonyeza ufizi kwa kidole, akatazama rangi ikirudi. Akavuta ngozi ya shingo akaiachia. Akaweka kisikilizio kifuani, na kijiwe kizima kikanyamaza ili moyo wa mbwa usikike. Mtu aliyekuwa anapita na baiskeli alipunguza mwendo kuangalia kuna nini. Hajawahi kukuta pale pametulia namna ile. Kisha daktari akatoa kipimajoto na kukitumbukiza kule kinakotumbukizwa, na Kontena, ambaye alikuwa hajashughulika na dunia tangu alfajiri, akafungua macho yote mawili na kutoa sauti ya kulalamika.

– Afadhali, akasema daktari. Ana hasira. Mwenye hasira yupo.

– Atapona? akauliza Soli. Hakujali tena nani anamsikia. Daktari, niambie, atapona?

– Joto si la ule ugonjwa wa mtaa wa pili. Tumbo lake limechokozwa na dawa, basi. Kilichomwokoa ni kutapika. Ile dawa ya mbuzi, mzee wangu, ingebaki yote tumboni ningekukuta unachimba shimo.

Muhuri alikuwa ameshika kitasa cha mlango wa benchi kama anayetaka kuufungua atoke.

– Sasa nisikilizeni. Dawa ya minyoo ni kilo zake, siku zake, na mtu mmoja wa kumpa. Awe mkubwa awe vipi, ni mtoto. Ini lake ni la mtoto. Chanjo ndiyo haina kilo. Kichupa ni kile kile, mbwa wa mapajani na huyu hapa, sawasawa. Leo simchanji, mwili wake una kazi nyingine. Mpeni maji haya ya chumvi na sukari, kijiko kijiko. Akiyashika mpaka jioni, mpeni uji mwepesi, usio na mbegu. Mimi bado nazunguka huku wiki hii nzima. Akiwa mzima nitamchanja siku ya kumaliza, na nitarudi kurudia, kwa sababu moja haitoshi. Mpaka hapo asikanyage barabarani. Ugonjwa uko kwenye tope, kwenye viatu. Akitoka nje, abebwe.

– Abebwe, huyu? akasema Wembe.

– Huyu.

– Nitambeba mimi asubuhi, akasema Wembe haraka, kabla hajaulizwa, na masikio yakamwiva.

Hakuna aliyemcheka. Daktari alimchoma Kontena sindano ndogo ya kutuliza kichefuchefu, akafunga boksi lake, akakaza mpira. Akavaa kofia. Kisha akaivua tena. Aliwatazama walivyokaa kwenye mlango wao uliolazwa, mabega yakigusana, vikombe miguuni.

– Wazee wangu, niwaulize kitu, akasema. Nimesimamisha pikipiki pale kona nikawasikia. Mwezi, viti, nchi za baridi. Kila siku mko hapa, mnaongea kutwa. Kwa nini hakuna aliyemwambia mwenzake, "huyu mbwa nimempa dawa"?

Halikuwa swali la kejeli. Alitaka kweli kujua, na alingoja. Wembe alifungua mdomo, kwa mazoea tu, akaufunga. Shangazi akatazama barabara. Soli alilitafuta jibu kwa dhati, akalitafuta hata kwenye ile misumari kiganjani mwake. Alichoona ni kwamba angejibu, ingembidi aanze kwa kusema anampenda mbwa, na kwamba hawa wengine watatu walikuwa wamebanwa na neno hilo hilo. Daktari alipoona hapati kitu akawaaga kwa adabu, mmoja mmoja, akaondoka.

Walikaa. Shangazi akainua birika amimine, kahawa ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyelalamika. Soli akachanganya maji ya chumvi na sukari kwenye kikombe, akachukua kijiko, akainua kichwa cha Kontena akakilaza pajani pake, mchana kweupe, mbele ya watu wote. Maji kidogo yakamwagika kwenye suruali. Mengine yakaenda yanakotakiwa. Akangoja. Wote wakangoja.

– Nimempa kijiko kimoja, akasema Soli kwa sauti.

– Ameyashika? akauliza Wembe.

– Ameyashika.

Muhuri akakohoa, akajisogeza kwenye benchi mpaka goti lake likamgusa Kontena.

– Kijiko cha pili nampa mimi, akasema. Nimewaambia.